Mkono Haujui Yote

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Ninyi mliokwisha kupanda madarasa ya juu labda mtacheka mkisikia habari za kazi yangu, maana sianzi na kitabu. Naanza na mfuko.

Asubuhi huwafunga watoto macho kwa kitambaa, na kila mmoja hutia mkono mfukoni akatoa kitu. Huyu hutoa kipande cha mwamba wetu, nacho hukwaruza, kwa kuwa ni chembe ngumu nyingi zilizoshikamana. Huyu hutoa bua la mafunjo, akalizungusha vidoleni, akapiga kelele, "Mwalimu, hili lina pembe tatu!" Mwingine hutoa dagaa, akamvunja karibu na sikio, aliyekauka vema hulia, aliyebaki na maji hupinda tu. Jioni huwapeleka kuegemea mwamba. Jua limekwisha kushuka na upepo wa ziwa umepoa, lakini jiwe bado lina joto mgongoni. Jambo lililopita mkononi halisahauliki upesi.

Nilijivuna kwa mafunzo hayo. Basi siku moja niliwachukua watoto mpaka ukingoni, palipo na majani na maji yaliyotulia, tukaingia mpaka magotini. Nikawaambia wapapase chini ya majani. Walitoa konokono wadogo, bapa, waliojiviringa kama kamba, wakafurahi sana, nami pia.

Baada ya miezi kadhaa mtoto mmoja alianza kuumwa tumbo, akawa na damu katika choo. Mama yake akampeleka zahanati, ikaonekana ni kichocho. Akaja kwangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni kweli uliwatia watoto majini?" Nikajibu, "Ni kweli, mama." Labda aliupata ugonjwa siku ile, labda siku nyingine, maana watoto wa mwaloni huoga na kuchota maji kila siku. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wake, na maneno ya mama yule yaliniuma.

Ndipo nikajifunza habari ambazo ilinipasa kuzijua kwanza. Mnyoo wa kichocho uligunduliwa Misri mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Lakini njia ya ugonjwa huo ilibaki fumbo, hata mwaka 1915 Mskoti Robert Leiper akaonyesha, huko huko Misri, kwamba hupitia kwa konokono. Mayai hutoka katika choo au mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia katika konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka wengi, wadogo mno, wakaogelea kumtafuta mtu. Hupenya ngozi kwa dakika chache, na mara nyingi mtu hasikii kitu. Huku kwetu ziwani, konokono wanaouchukua mnyoo wa tumbo ni wale wale bapa tuliowafurahia.

Yule mtoto alipewa vidonge vya prazikwanteli, akapona. Mfuko wangu sikuutupa, ila nimeongeza somo moja. Huweka mezani chupa mbili zilizozibwa. Moja ina maji ya ziwa, niliyoyateka kwa ndoo na kamba. Nyingine ina maji yayo hayo yaliyochemshwa. Huwauliza watoto, "Yapi yana hatari?" Hutazama, hutikisa, huzigeuza juani. Mmoja husema hii, mwingine husema ile.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, aliyenijibu vema alikuwa yule yule aliyeugua. Hakuzigusa chupa. Alisema, "Mwalimu, yaliyochotwa wapi? Na watu wa pale, wana vyoo?"

Nilikaa kimya kidogo, maana swali hilo halikuwamo mfukoni mwangu.

Basi ninyi wakubwa, mkitumwa ziwani pamoja na wadogo zenu, wapeni mawe wayapapase, na mafunjo wayahesabu pembe. Lakini msiwaache wacheze katika maji ya majani. Wakiwauliza sababu, waelezeni habari ya konokono, tangu mwanzo mpaka mwisho, hata waweze kumweleza mwingine.