Njia Panda ya Sonatubes

Tulipofunga safari ya Kigali wakati wa likizo, sisi mume na mke, tulikuwa na siku moja tu ya kuzuru mahali penye historia. Mwalimu haachi mazoea yake: orodha ilikwisha andikwa daftarini, mfano wa maandalio ya somo. Tulianzia kwenye nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji huo mwaka 1907. Leo nyumba hiyo ni makumbusho. Kutoka hapo tulikwenda Kambi ya Kigali, zilipo nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji miongoni mwa walinda amani waliouawa pale tarehe 7 Aprili 1994. Kisha Gisozi, walikozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Juu ya Gisozi hatutasema mengi. Tulitoka tumeshikana mikono, jambo ambalo watu wa umri wetu hawalifanyi hadharani.

Orodha ikawa imekwisha. Mmoja wetu alitaka twende Biryogo, mtaa wa Waswahili, tunywe chai na kusikiliza Kiswahili cha huko, maana tangu 2017 lugha yetu ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Mwingine alishikilia twende Nyanza ya Kicukiro, kilima ambacho alikuwa amesoma habari zake. Tulibishana kando ya barabara, kwa sauti ya chini kama wabishanavyo wageni. Chai ikashindwa.

Mjini Kigali pikipiki huchukua abiria mmoja tu, naye huvishwa kofia ngumu. Ikatubidi kukodi mbili. Tulipouliza mahali rahisi pa kukutana tuliambiwa Sonatubes, jina lililotokana na kiwanda cha mabomba. Ni njia panda pana yenye taa za kuongozea magari: barabara moja yatoka mjini, moja yaelekea Remera na uwanja wa ndege, nyingine yapanda Kicukiro.

Mmoja wetu alitangulia kufika, akangoja karibu robo saa. Mzee mmoja aliyesimama hapo alimsalimu kwa Kiswahili, akamwuliza aendako. Aliposikia Nyanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa ndipo walipogeuzwa." Hakuongeza neno.

Tarehe 11 Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakilindwa na askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Siku hiyo wageni wa kizungu walihamishwa, na askari nao wakaondoka. Walioachwa wakashika njia kwa miguu, wake kwa waume na watoto, wakitumaini kufika uwanja wa Amahoro, Remera, walikokuwa askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Hawakuvuka Sonatubes. Walizuiwa hapo na askari wa serikali, wakarudishwa na kupandishwa hadi Nyanza, wakauawa huko. Wachache walionusurika waliokolewa na askari wa RPF.

Walipogeuzwa. Tumefundisha kauli ya kutendwa miaka mingi, na kila mwaka huwaambia wanafunzi kuwa kauli hiyo yaweza kumficha mtenda. Lakini hapa mtenda mmoja angalau alikwisha tajwa, tena mjini kwetu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Georges Rutaganda mnamo Desemba 1999 kwa kosa la mauaji ya kimbari, pamoja na sehemu yake katika maovu ya ETO na Nyanza. Sisi tulikuwa vijana hapo Arusha. Tulipita mbele ya jengo la AICC mara nyingi, tukiyaona magari meupe na walinzi langoni. Palikuwa na nafasi ya wananchi kuketi na kusikiliza. Hatukuingia hata siku moja. Tulidhani ni mambo ya wenyewe, na mahakama ikafunga kazi zake mwaka 2015.

Tuliwalipa wenye pikipiki, tukapanda kwa miguu. Barabara imepanuliwa, magari ni mengi, na kilima kinachosha zaidi kuliko kinavyoonekana kwa mbali. Tulipumzika mara mbili. Mara ya pili mmoja wetu aliuliza kama watoto wa siku ile walibebwa au walitembea, mwenziwe hakujibu. Nyanza tulikuta makaburi mapana, nyasi zilizofyekwa vizuri, na bustani ya kumbukumbu yenye mawe. Zaidi ya watu 11,000 wamelazwa hapo, maana waliletwa na wengine kutoka sehemu za jirani. Tulikaa mpaka jua likapungua ukali.

Tulirudi kwa basi. Pale Sonatubes taa ilikuwa nyekundu, basi likasimama. Msichana mmoja aliyeketi mbele yetu alikuwa akimhesabia mdogo wake chenji ya mkate. Taa ikabadilika, tukavuka.