Silva Mbili

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri, Dar nzima inanuka udongo. Nusu mbili za kiwiliwili nilizigundisha jana, leo zimeshikana. Ni modeli ya plastiki ya ndege ya P-51D Mustang, kipimo cha 1:48. Ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni sentimita 23 na nusu. Inakaa juu ya gazeti lililokunjwa na nafasi inabaki.

Nimeamua iwe ya Kikosi cha 332, wale marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, wakaenda kupigana wakiruka kutoka Italia. Mustang walizipata katikati ya 1944, na mikia yake wakaipaka nyekundu yote. Tangu niione picha ya mkia ule sijatamani ndege nyingine. Ila kabla ya nyekundu kuna silva, na silva imeshanishinda. Ile modeli ya ndege ya Sabre niliyoiunda mwaka juzi iko kabatini nyuma ya vikombe, na si kwa bahati mbaya.

Jumapili, 6 Aprili

Msasa kutwa. Namba 600 kwenye maungio, kisha 1000, 1500, mwisho 2000 ya maji na tone la sabuni. Vidole vimekunjamana kama vya dobi. Pale nusu zilipokutana chini ya pua jicho halioni kitu, lakini ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Nimeweka puti, nimesugua tena, ukucha ukapita.

Fundi rangi wa gereji ya nyuma alikuja kuomba maji. Akaichukua, akaielekeza dirishani, akawa anaizungusha taratibu kama anavyokagua mlango wa gari kabla hajaupuliza.

“Hapa, mzee, pana bonde.”

“Mbona silioni?”

“Utaliona ukishapiga silva. Nyeupe inasitiri. Silva inaumbua.”

Akanywa maji yake akaondoka. Nimelitafuta bonde lake kwa tochi mpaka saa nne usiku. Hakuna bonde.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi kaniletea silva ya gari kwenye chupa ya soda, bure. Nimeijaribu kwenye kijiko cha plastiki. Kwenye Corolla rangi hii inapendeza. Kwenye kijiko imeonekana kama mtu kamwaga sukari. Nikapiga hesabu: chembe ya aluminiamu yenye maikroni 30 ukiizidisha mara 48 inakuwa zaidi ya milimita moja na robo. Ndege gani iliruka na changarawe mwilini? Bati halina chembe zinazoonekana. Ndiyo maana laki za modeli husagwa laini kuliko vumbi la unga.

Ninayo chupa moja tu ya laki hiyo, mililita 30. Ilikuja kwa meli ndani ya mzigo wa mtu, maana kwenye ndege haipokelewi, inashika moto. Rangi ya ndege isiyoruhusiwa kupanda ndege.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepuliza nyeusi ya kung'aa. Mama watoto kauliza kama nimebadili mawazo. Nikamweleza: laki ya silva ni nyembamba mno, kioo chake ni kile kilicho chini. Vijichembe vikilala juu ya uso laini vinalala chali vyote, mwanga unarudi kwa pamoja. Uso ukiwa na mikwaruzo vinasimama hovyo, unapata kijivu. Akasema, “Kwa hiyo unapaka nyeusi ili isionekane.” Sikuwa na la kuongeza.

Saa kumi ukungu mweupe ukaota juu ya ubavu wa kushoto. Kosa langu, nilipuliza mvua ikinyesha. Tina ikiruka haraka inaupoza uso, unyevu wa hewani unageuka maji hapo hapo na kunaswa ndani ya rangi. Nimepitisha tina tupu, ile inayochelewa kukauka, kama umande tu, na weusi ukarudi. Nilikuwa nasherehekea, umeme ukakatika, kompresa ikazima, rangi ikaganda kwenye sindano ya kipulizio. Nimeisafisha kwa mwanga wa simu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, mtaa kimya. Nyeusi imekaa siku sita, hainuki tena. Nje jua.

Presha nimeiteremsha hadi bar moja hivi. Koti la kwanza ni kama kupuliza pumzi kwenye kioo: nyeusi inapauka kidogo, basi. La pili, moshi. La tatu ndipo kitu kinapogeuka, na hugeuka ghafla. Plastiki niliyoijua wiki mbili ikawa bati mkononi mwangu. Hapo ndipo pa kuacha. Sabre niliiharibu hapa hapa, kwa tamaa ya koti la nne na la tano, ikawa sufuria.

Nyuma ya ekzosi nimesugua unga wa penseli kwa pamba, bati likapata rangi ya kuungua. Nikaigeuza nione tumbo. Chini ya pua pana bonde. Refu kama punje ya mchele, kivuli chake kinacheza kila nikiisogeza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya pilau nimerudi mezani kwa ajili ya mabawa.

Kuanzia mwanzoni mwa 1944 Mustang zilitoka kiwandani bila rangi ya kujificha, na watu wengi, mimi nikiwamo wakati wa Sabre, hudhani ndege ya aina hiyo ni bati tupu kila mahali. Bawa la Mustang lilibuniwa hewa ipite juu yake bila kuvurugika, na kichwa cha ribiti kinatosha kuivuruga. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya bawa walijaza puti kwenye ribiti na maungio, wakapiga msasa, wakapaka silva. Kiwiliwili kikabaki bati. Kazi ile ile ya fundi wangu wa Corolla.

Wiki nzima nimehangaika chuma changu kisifanane na rangi. Leo nimehangaika silva ya bawa ifanane na rangi. Nimetumia ya akriliki, iliyopooza, bila nyeusi chini. Zikiwa pamoja, kiwiliwili kinaakisi taa na bawa linaitazama tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Muungano, sikukuu. Nimefunika kiwiliwili kwa tepu, nikapiga nyeupe mkiani (nyekundu juu ya nyeusi huwa damu ya jana), kisha nyekundu. Imetoka vizuri kuliko nilivyostahili. Wakati wa kubandua, tepu imeondoka na silva ya ukubwa wa ukucha wa mtoto, ikaacha nyeusi. Ningeanza na nyekundu tepu ingekamata nyekundu, ambayo haibanduki kirahisi. Nimeziba kwa matone mawili ya mwisho ya chupa.

Jioni fundi kaja na mwanawe. Mtoto akashangilia mkia. Fundi hakuutazama. Akaipindua ndege.

“Si nilikwambia?”