Kutoka Rudewa Kwenda Kusikia Kinanda cha Mabomba

Kwaya ya kigango chetu Rudewa huimba kwa kinanda cha umeme, na mpigaji ni mimi. Kinanda cha mabomba nilikuwa nakisikia redioni tu. Nilipopata nauli nikadamka, nikapanda bodaboda, tukayaacha mashamba ya mkonge na kushika kilomita 24 za lami hadi Kilosa mjini. Hapo nikaingia treni ya SGR, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkata, Morogoro, Ruvu, Pugu, tukafika.

Kanisa la Kilutheri la Azania Front linatazama bandari. Wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga 1898, lakini kinanda chake, kilichotengenezwa kwa mikono, ni kipya zaidi. Nilimkuta mpigaji akijiandaa kwa mazoezi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Umetoka wapi?”

“Rudewa, Kilosa. Nimekuja kusikiliza.”

“Basi usikae huku kwangu. Nenda katikati ya kanisa, ndiko sauti zinakokutana.”

Alipiga “Suite gothique” ya Mfaransa Léon Boëllmann, iliyotungwa 1895, miaka miwili kabla mtunzi hajafariki akiwa na miaka 35. Ina sehemu nne, na hakuna mwimbaji hata mmoja.

Ya kwanza ni nzito: sauti zote zinatamka kwa pamoja, kisha maneno yaleyale yanarudiwa taratibu. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti. Feni husukuma hewa ndani ya sanduku, na kidole hulifungulia bomba hewa hiyo, basi. Ukitaka ukubwa unaongeza safu za mabomba. Ukitaka upole unazipunguza.

Ya pili ni dansi ya mapigo matatu. Ya tatu ni sala kwa Bikira Maria. Mimi Mkatoliki nikaisikilizia kwa Walutheri, wala haikupungua utamu. Ya nne, tokata, ndiyo iliyonishika. Mikono inakimbia bila kupumzika, huku wimbo wenyewe ukibebwa na miguu. Kwetu mguu wa mpiga kinanda hugonga mdundo chini ya meza. Hapa ulikuwa unaimba besi, na benchi nililokalia lilitetemeka kama daraja lenye treni juu yake. Kufikia mwisho, huzuni ya mwanzo ilikuwa imegeuka shangwe.

Nilimwuliza mwalimu nianzie wapi. Akasema: “Ukiinua kidole, bomba linanyamaza papo hapo. Kwa hiyo kuinua nako ni kupiga.”

Hilo linafaa hata Rudewa. Sisi hujificha nyuma ya mwangwi wa kinanda cha umeme, tunaachia vidole ovyo, kwaya inakosa mahali pa kuvuta pumzi. Tena tumezoea kinanda kumfuata mwimbaji tu, wakati kinaweza kuandaa sala kabla ya neno la kwanza kuimbwa.

Kamati za kwaya huchangisha fedha za sare na spika kila mwaka. Safari hii, tengeni nauli ya mpiga kinanda wenu, aende akasikie mabomba kwa masikio yake. Kwaya nzima itafaidi.