Kutoka Kasenyi Hadi Kasenyi: Habari ya Foto ya Simba Jike

Wengi wenu mmeingia ofisini kwetu mkaona foto kubwa ya simba jike ukutani, mkauliza ni ya wapi, na kwa nini hatukumwondolea lile kovu la shingoni. Leo tunawajibu.

Tulikuwa wanane. Dada zetu wa kikundi kimoja cha akiba cha Kasese, Uganda, walitualika tujifunze namna wanavyotengeneza kalenda na kuiuza mwisho wa mwaka. Tuliondoka Bunia alfajiri. Tulipofika Bogoro gari lote lilinyamaza, kama kawaida, kwa ajili ya wale wa Februari 2003. Kisha tukashuka ule mteremko mrefu hadi Kasenyi. Anayeujua anajua: baridi ya juu inabaki nyuma, na joto la ziwa linakupokea pamoja na harufu ya samaki wakavu. Tukavaa jaketi za kuokolea, tukapanda mtumbwi wa injini, tukavuka Ziwa Albert hadi Ntoroko. Mmoja wetu alikuwa hajawahi kupanda mtumbwi. Alifumba macho njia nzima, akayafumbua aliposikia watu wakishuka.

Kutoka Ntoroko tulipanda hadi Fort Portal, kisha tukaelekea Kasese, milima ya Rwenzori ikiwa upande wetu wa kuume. Ni milima ileile ambayo jamaa zetu wa Beni wanaiona kutoka upande wa pili. Kesho yake wenyeji wetu wakatupeleka Mbuga ya Queen Elizabeth. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1952, ina kilometa za mraba 1,978, na inapakana na Virunga yetu. Tulimuuliza dereva anatupeleka sehemu gani. Akajibu, "Kasenyi." Tulicheka hadi akasimamisha gari kutuuliza kuna nini. Kumbe na huko kuna Kasenyi: uwanda wa nyasi karibu na Ziwa George, wenye swala wengi, na penye swala wengi simba hawako mbali.

Tulimwona saa moja asubuhi, jua likiwa bado chini. Alikuwa amelala pembeni ya kichaka, akainua kichwa na kututazama. Binti wa mmoja wetu, aliyejifunza kupiga foto, alikuwa na kamera. Sisi wengine tulikuwa na simu zetu. Kiongozi wa mbuga alituonyesha kovu linalozunguka shingo: ni la waya wa mtego. Watu hutega swala, na simba hunaswa. Akatueleza pia kwamba mwaka 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu ndani ya mbuga hiyohiyo, simba 11 walikufa kwa sumu: majike 3 na watoto 8. Tukanyamaza kama tulivyonyamaza Bogoro. Kisha akatupa habari ya kutia moyo, ya dume anayeitwa Jacob, aliyepoteza mguu kwa mtego. Mwaka 2024 Jacob na ndugu yake waliogelea usiku katika mfereji wa Kazinga, wapata kilometa moja na nusu, penye mamba na viboko, akiwa na miguu mitatu.

Tuliporudi Bunia tukaamua kwamba yule jike ndiye atakuwa ukurasa wa kwanza wa kalenda yetu. Tukapeleka foto kwenye studio moja ya mjini, karibu na soko kuu. Hapo ndipo safari ya pili ilipoanza, na tulikaa siku tatu, maana umeme ulikuwa unakuja na kuondoka.

Kijana wa studio alitufundisha kwanza kuchagua. Katika foto 140 alibakiza 6 tu. "Mama, tazameni macho," alisema. "Kama macho hayakushikwa vizuri na kamera, hata nikifanya kazi hadi asubuhi hayatapona." Kisha akasafisha zile chembechembe zinazotokea kamera ikipiga kwenye mwanga mdogo, akarekebisha mwanga, akakata nyasi za pembeni. Kunoa aliweka mwisho kabisa, baada ya kujua foto itachapwa kwa ukubwa gani.

Tulimuuliza kunoa ni nini. Akatuambia programu inatafuta mahali ambapo giza linakutana na mwanga, inaongeza giza upande mmoja na mwanga upande mwingine, na jicho la mtu linaona mstari mkali zaidi. Mmoja wetu akasema, "Basi ni wanja." Ndivyo. Wanja hauongezi jicho, unafanya jicho lionekane. Na ukizidisha, kila mtu anaona wanja, haoni uso. Kijana akazidisha makusudi ili tuone: mstari mweupe ukatokea kuzunguka masikio, na manyoya yakawa kama nyaya. Akarudisha nyuma. Akanoa macho, pua na masharubu peke yake, nyasi za nyuma akaziacha laini kama zilivyokuwa.

Siku ya pili tulimkuta amefurahi sana. Alikuwa ameiingiza foto katika programu ya akili bandia, ile inayonoa yenyewe kwa kubonyeza mara moja. Simba alikuwa anang'aa. Kila unywele ulionekana. Kovu lilikuwa limetoweka, na sikio lililochanika limeshonwa. Tulitazama muda mrefu. Kisha yule mama aliyefumba macho mtumbwini akasema, "Huyu simfahamu."

Alikuwa na haki, na si kwa kovu tu. Kila simba ana madoa madogo meusi kwenye mizizi ya masharubu, na mpangilio wake hautokei sawa kwa simba wawili. Watafiti wawili, Pennycuick na Rudnai, walieleza njia hiyo ya kuwatambua simba mwaka 1970, na hadi leo wanaowalinda wanaitumia. Ni kama alama ya kidole kwenye kadi yetu ya mpiga kura. Tuliweka foto mbili sambamba, tukahesabu madoa ya shavu la kushoto. Hayakulingana. Programu haikuwa imenoa uso wa simba wetu. Ilikuwa imebuni uso mwingine.

Kijana hakubishana. Alitaka kutupendeza, basi. Lakini mazungumzo yakageuka. Mnakumbuka ile picha ya chui iliyozunguka kwenye simu zetu msimu wa mvua uliopita, ikidai chui ameonekana karibu na mto Shari? Wengine wetu hatukwenda shamba siku tatu. Mihogo ilibaki ardhini, watoto wakala chakula cha deni. Tulikuwa bado nayo kwenye simu moja, tukampa aitazame. Aliikuza. Mchana mweupe, lakini mboni za chui zilikuwa nyembamba na wima, kama za paka wa nyumbani. Mboni za chui na za simba ni za mviringo. Hakukuwa na chui. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyebonyeza mara moja.

Katika mji wetu picha imewahi kuwatoa watu nyumbani usiku, watoto mgongoni, na si picha ya chui. Kwa hiyo tukakubaliana mambo matatu, nasi tunawaletea. Picha ya kutisha ikifika, usiitume mbele kabla ya kuikuza na kuitazama: macho, vidole, maandishi, kivuli. Muulize aliyekutumia: nani aliipiga, lini, wapi? Asipojua, iishie kwako. Na picha zetu wenyewe, za watoto, za harusi, za wafu wetu, tuzisafishe na kuzinoa kwa kiasi, bila kuwapa watu nyuso zisizo zao.

Kalenda ikachapwa na foto ya kwanza, yenye kovu na sikio lililochanika. Baadhi ya wanunuzi walisema simba huyu amechakaa. Lakini mama mmoja, aliyepoteza mkono wake miaka ile ya vita, alinunua tatu. Hakusema sababu, na sisi hatukuuliza.

Kalenda zilizobaki ziko ofisini, na faida yote ni ya karo za watoto tunaowalea pamoja. Jumamosi, baada ya likelemba, kijana wa studio atakuja na ordinatere yake. Leteni foto zenu za zamani, na simu zenu, na ile picha iliyokuogopesha. Tutaikuza pamoja.