Runyenjes: Maji Yapo, Umeme Upo, Vijana Je?

IWAPO wewe ni mkazi wa jiji, na watoto wako hudhani kwamba maji huzaliwa mferejini na maziwa huzaliwa ndani ya pakiti, basi likizo ijayo wapandishe matatu ya Embu.

Kutoka Nairobi utapita Thika, ukunje kulia pale Makutano, kisha ukatize mashamba ya mpunga ya Mwea ambako wachuuzi watakuonyesha mifuko ya mchele wa pishori hata kabla gari halijasimama. Baada ya kilomita zaidi ya 120 utakuwa Embu. Hapo badilisha gari na ushike njia ya Meru. Kabla ya saa moja kwisha utashuka Runyenjes, mji mdogo ulioketi miguuni pa Mlima Kenya. Wazee husema umepewa jina la Runyenje, chifu wa enzi za ukoloni. Waingereza walipoandika "kwa Runyenje" kwa lugha yao, waliongeza herufi S mwishoni, nayo haijang'oka hadi leo.

Lakini usiishie mjini, msomaji. Panda bodaboda uelekee vijijini. Ukienda juu, upande wa msitu, baridi itakuuma na utaona majani chai yametandazwa kama zulia. Huko ndiko kiliko kiwanda cha chai cha Rukuriri. Ukiteremka kidogo utakuta kahawa, migomba na makadamia. Ukizidi kuteremka kuelekea Mbeere, joto linapanda na muguka unashamiri.

Mwandishi huyu alilala kwa mama mmoja aliyepita umri wa miaka 70, ambaye kijiji kizima humwita Cucu, yaani nyanya. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mjukuu wangu, usiogope. Maji ya kuoga yapo."

Usicheke. Cucu alipoolewa hapa, maji yalitoka mtoni, bondeni, na alipanda nayo mlima akiwa ameubeba mtungi mgongoni, ukanda umebana kipaji cha uso. Leo mfereji uko hatua chache kutoka jikoni. Maji hayo hayasukumwi na mashine yoyote. Yanachotwa kwenye kijito huko juu msituni, yakaingizwa kwenye mabomba na kuteremka yenyewe hadi vijijini. Mitaro ya mabomba ilichimbwa na wenyeji kwa majembe, kila boma likipewa kipande chake. Cucu bado anakumbuka kipande chake kilianzia wapi na kuishia wapi.

Umeme nao una kisa chake. Mito ya mlima huu humiminika katika Mto Tana, na kwenye Tana ndiko kulikojengwa mabwawa ya kuzalisha umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hata hivyo, kwa miaka mingi familia nyingi za vijiji hivi ziliwasha koroboi huku maji yao yakiangaza Nairobi. Ni baada ya serikali kuanzisha mpango wa kufikisha umeme mashinani mwaka 2015, na ada ya kuunganishwa kupunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ambapo nyaya zilianza kuingia katika maboma ya watu wa kawaida. Cucu ana taa mbili na redio. Simu yake huchajiwa nyumbani, na pesa za wanawe humfikia humo humo, kwani tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 hana haja ya kungoja bahasha mkononi mwa dereva wa matatu.

Je, akiugua? Zahanati iko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tangu mwaka 2013 vituo kama hivyo viko chini ya serikali za kaunti. Cucu ana shinikizo la damu na huenda kupimwa kila mwezi. Siku nyingine dawa zipo. Siku nyingine huandikiwa karatasi akanunue mjini. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hugeuka sabuni na bodaboda hukataa kupanda mlima.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Alfajiri tuliingia shambani, Cucu, jirani yake mmoja na mimi. Sote watatu hatukujaza madebe mawili kabla ya saa nne. Nilimwuliza wako wapi vijana wa kuchuma.

"Wawili wangu wako Nairobi, mmoja Mombasa," alijibu. "Wa majirani wako muguka."

Sikuweza kuwalaumu. Muguka huchumwa na kuuzwa upesi, na pesa hulipwa papo hapo. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku, bei iliyumba na wakulima wa Embu wakapiga kelele, hadi Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo. Kahawa, kwa upande mwingine, hupelekwa kiwandani, huambuliwa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa, na mkulima hungoja malipo kwa miezi. Tangu mkataba wa mgao wa kahawa duniani uvunjike mwaka 1989 na bei kuporomoka, wengi waliiacha mibuni imezwe na magugu.

Jioni, Cucu alinipakulia mukimo, kisha akanieleza linalomnyima usingizi. Wanawe wanataka shamba, ambalo halifiki ekari mbili, ligawanywe viwanja na kuuzwa. Hakuna hata mmoja aliyesema atarudi kuishi.

"Nilichimba mtaro ili watoto wangu wasibebe maji," alisema. "Sasa maji yamefika, na wao hawapo wa kuyanywa."

Msomaji, huenda nawe una Cucu wako mahali fulani, Runyenjes au kwingineko. Usingoje Krismasi, wala usingoje tangazo la mazishi. Nenda na watoto, uwaonyeshe bomba lilikopita na nani aliyelichimbia. Kabla hujatia sahihi ya kuuza shamba, kwanza shika debe uingie kwenye mibuni asubuhi moja. Ukishatoka huko, utaamua ukijua unachouza.