Matembezi ya Mji wa Kale: Mvita na Amana ya Mawe Yake



Likizo za shule zikikaribia, wazazi huulizana wawapeleke wapi watoto. Wako wanaofikiria safari za mbali na gharama kubwa, ilhali wengi wetu wakaao Mombasa hawajapata kumshika mtoto mkono na kumwonyesha Mji wa Kale, mtaa kwa mtaa. Twaupita kila siku tukienda sokoni na msikitini, lakini kupita si kutazama. Makala haya ni mwongozo wa matembezi ya asubuhi moja, tangu Ngomeni mpaka Ndia Kuu, na mwishowe yana nasaha kwa wenye nyumba, kwani mji huu una maradhi ambayo dawa yake imo mikononi mwetu.

Ngomeni

Mji wetu una majina kadhaa. Wazee huutaja Kongowea, mji wa Mwana Mkisi, kisha Mvita, kwa jina la Shehe Mvita, ambaye mapokeo yanasema nasaba ya watawala wa Kiislamu ilianza naye. Wareno walipofika mwaka 1498 waliukuta mji uliojengeka kwa mawe, wenye biashara na Uarabuni na Bara Hindi. Waliuvamia na kuuchoma mwaka 1505, na baadaye tena. Ilipofika mwaka 1593 ndipo walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, kwa ramani ya mhandisi wa Kitaliano, Giovanni Battista Cairati. Atazamaye mchoro wake kutoka juu huona umbo la mtu aliyelala chali.

Mwoneshe mtoto kuta zile na umsimulie kwamba mwaka 1631 mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno kule Goa, aliwageukia na kuiteka Ngome. Umsimulie pia mazingiwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Disemba 1698. Waliokuwa ndani waliuawa na maradhi kuliko mizinga. Baadaye Mazrui waliitawala Mombasa kutoka humo hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji. Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika Turathi za Dunia.

Ngome imesalimika kwa kuwa ina mwenyewe: upo mkono wa serikali unaoitunza na kuziba nyufa zake. Tuliweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Msikiti na kisima

Tokea Ngomeni shika barabara ya Mbarak Ali Hinawy, iliyopewa jina la aliyekuwa Liwali wa Pwani. Hatua chache mbele utauona mnara mweupe, mnene chini na mwembamba juu, usiofanana na minara ya leo. Huo ni Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa. Watoto wetu wanaoambiwa na vitabu vya watalii kwamba kongwe ya Mombasa ni Ngome, na waisikie tarehe hiyo. Mkabala na msikiti kuna kisima cha maji matamu, na kisima hicho kina maana yake.

Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, zaidi ya karne mbili kabla ya msikiti huu. Hakueleza majumba makubwa wala hazina. Alieleza kwamba watu wa kisiwa hiki ni wa madhehebu ya Shafi, wachamungu na watu wema, chakula chao ndizi na samaki, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kisha akataja visima: kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na chombo cha mti cha kutekea maji. Ardhi ya kandokando ilikuwa imetengenezwa vizuri, na mlangoni palitandikwa jamvi nene. Atakaye kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta juu ya jamvi.

Ndugu msomaji, hebu uitafakari habari hii. Msafiri aliyeiona Makka, Damascus na Cairo alifika kwetu, na kilichomkaa moyoni ni maji, jamvi na miguu iliyooshwa. Usafi ndio uliokuwa alama ya kwanza ya mji wetu. Ukiona leo mifuko ya plastiki imeziba mfereji wa uchochoro, usiseme ni kazi ya serikali ya kaunti peke yake. Waliotandika jamvi lile walikuwa ni watu wa mtaa.

Bandari ya Kale

Barabara ikiendelea inatufikisha Bandari ya Kale. Kwa karne nyingi riziki ya mji huu iliamuliwa na pepo mbili. Kaskazi, uvumao takriban Disemba hadi Machi, ulileta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakiwa na tende, mazulia, vyombo vya udongo na makasha ya njumu. Kusi ulipoanza yaliondoka na boriti za mikoko, pembe na ngozi. Baina ya pepo hizo nahodha na mabaharia walikaa mjini kwa miezi. Wakaswali nasi, wakaoa kwetu, wakaacha watoto na maneno. Ndiyo maana katika Mji wa Kale mtu haulizwi ametoka wapi kabla hajaulizwa hali. Hapa wanakaa watu wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na jirani zao ni Wahadhrami, Wabaluchi, Wabajuni na Mabohora. Hata Wareno, waliotuchomea mji, walituachia meza, bendera na leso, ambayo mama zetu wameigeuza kuwa vazi na barua.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliyaelekeza mambo upande wa pili wa kisiwa. Meli kubwa zikahitaji kina cha Kilindini, na Bandari ya Kale ikabaki na samaki na vyombo vichache. Mji uliojengwa kwa biashara ya bahari ukapungukiwa na biashara yake, na waliobaki walibaki kwa sababu ya nyumba zao.

Ndia Kuu na nyumba zake

Turudi kwa Ndia Kuu, mtaa mkongwe wa mji. Karibu na upande wa bahari iko nyumba ya Leven, iliyopewa jina la manowari ya Kapteni Owen, aliyepandisha bendera ya Kiingereza hapa mwaka 1824 na ikateremshwa baada ya miaka miwili. Lakini nyumba za watu wa kawaida zina mengi zaidi ya kufundisha.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, unene wake karibu nusu mita, yakiunganishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa katika tanuu la kuni. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, vyumba ni virefu lakini ni vyembamba: mti ndio uliompimia fundi chumba. Barabara ni finyu ili ukuta mmoja uupe mwingine kivuli, na upepo wa bahari upite kwa nguvu kama upitavyo kwenye mrija. Mbele ya mlango iko baraza, ambapo mgeni hukaribishwa kahawa kutoka kwenye dele bila kuingilia sitara ya wenyeji. Milango ina nakshi za maua na majani. Roshani za mbao, zilizoenea mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa mafundi wa Kihindi, zina mbao zilizotobolewa: mwanamke huona njia na njia isimwone. Haya yote ni fiqhi ya ujirani iliyoandikwa kwa mawe. Leo pakiinuka ghorofa sita za saruji kati ya nyumba mbili za kale, kinachoharibika si sura ya mtaa tu. Jirani hupokonywa upepo wake, jua lake na faragha ya ua wake.

Mtaa huu haukutoa mafundi pekee. Ndiyo Mvita ya Muyaka bin Haji, mshairi wa zama za Mazrui, aliyefariki mwaka 1840, ambaye tungo zake zilisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua alizihifadhi na kuziandikisha. Ndiyo Mvita ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaambia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili chao kwamba wasiishi kwa kujivunia wazee pasi na kufanya kazi ya wazee.

Ufa ulipo

Sasa tuifikie nasaha. Ukitembea Mji wa Kale utaona nyumba zilizofungwa, roshani imening'inia, mti umeota ukutani. Watu husema ni uzee, au chumvi ya bahari. Chumvi ipo, lakini Msikiti wa Mandhry umeivumilia tangu 1570. Nyumba nyingi huuawa na mirathi isiyogawanywa.

Tuchukue mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili na binti watatu. Baada ya madeni na wasia, nyumba yake ina mafungu manane: mke fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili. Hesabu ni nyepesi, mwanafunzi wa madrasa huimaliza. Lakini aibu hutushika. Tunasema arobaini haijaisha, kisha tunasema mama yungali hai, kisha tunanyamaza. Miaka thelathini baadaye warithi ni arobaini, wengine wako Nairobi, wengine Muscat na London. Paa linavuja. Kila mmoja anasema, "Kwa nini nitengeneze mimi peke yangu?" Maji huozesha kichwa cha boriti ndani ya ukuta, dari huanguka, na siku hiyo huja mnunuzi, akanunua kiwanja badala ya nyumba. Na mara nyingi wanaopotewa na haki ni mabinti, kwa kuwa jina lao halikuandikwa popote.

Kwa hivyo nawausia mambo manne. Kwanza, gawanyeni mirathi mapema, mbele ya Kadhi, na iandikwe. Pili, nyumba isiyogawika na akae humo mrithi mmoja anayewalipa wenzake haki zao, au ipangishwe, na kodi itengeneze nyumba kabla ya kugawanywa. Ndivyo mafakihi walivyosema juu ya wakfu: matengenezo hutangulia mafungu ya wanufaika, kwani mali ikianguka hakuna wa kunufaika. Tatu, mwenye uwezo na aweke wakfu nyumba yake ingali nzima, ateue msimamizi mwaminifu, na hesabu zake zisomwe kila mwaka mbele ya wahusika. Nne, ukitengeneza ukuta wa matumbawe usiupake saruji. Saruji huzuia unyevu kutoka, chumvi ikabaki ndani na jiwe likawa unga. Chokaa huuacha ukuta upumue, na mafundi wake wangaliko. Wapeni kazi ili wapate wa kuwafundisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mombasa methali hii si mafumbo. Ufa unaonekana kwa macho, na mwenye kuuziba ana jina: ni mrithi.

Basi mpelekeni mtoto matembezini. Na mkifika mbele ya nyumba ya babu yake, aulize ni ya nani, na awepo wa kumjibu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotujengea, na atujaalie tuwe wenye kutunza amana zao. Wabillahi tawfiq.