Kuirudia Hisabati Ukubwani

Wapo wanaodhani kwamba hisabati ni elimu ya utotoni, na kwamba asiyeishika mapema hataishika tena maishani. Rai hiyo imewakatisha tamaa vijana wengi nchini, nasi hatuna budi kuipinga. Tunaipinga kwa yale tuliyoyapitia wenyewe huko Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako tuliirudia hisabati tukiwa tumekwisha kuwa watu wazima, baada ya kukaa mbali nayo kwa miaka mitatu.

Kukaa mbali huko hakukutokana na uzembe. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Ilimpasa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mwaka mmoja, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na hatimaye apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Shabaha ilikuwa kumrudisha msomi kwa wananchi wenzake, asije akajiona ni mtu wa tabaka jingine. Shabaha hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo, miaka mitatu ni mingi kwa mtu aliyekariri kanuni pasipo kujua asili yake. Sisi tuliotazamia kuingia Kitivo cha Uhandisi, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, tulifungua madaftari yetu ya zamani tukauona mwandiko wetu wenyewe kama wa mtu tusiyemjua. Miezi iliyobaki ilikuwa ya kuhesabika, na bila ya hisabati nafasi hiyo ingekwenda kwa wengine.

Tulipojipima, tuligundua jambo moja la ajabu. Hatukuwa tumesahau kila kitu kwa kiasi kimoja. Hesabu za awali, tulizofundishwa kwa Kiswahili, zilikuwa zimekaa imara. Zile za sekondari, tulizofundishwa kwa Kiingereza, zilikuwa zimetoweka kama umande. Mwanzoni tulidhani sababu ni ugumu wake. Baadaye tulitambua kwamba za kwanza tulikuwa tumezielewa, na za pili tulikuwa tumezihifadhi tu.

Waliotufumbua macho ni wanafunzi wetu. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ilikuwa bado inaendelea vijijini. Jioni tulikuwa walimu wa wazee waliotuzidi umri mara mbili au tatu. Wazee hao hawakukubali kanuni kwa sababu tu imeandikwa ubaoni. Siku tuliyofundisha kwamba kugawanya kwa robo ni sawa na kuzidisha kwa nne, mama mmoja aliuliza, “Wanangu, kugawanya ni kupunguza. Mbona ninyi mkigawanya mnapata zaidi?” Kanuni tuliijua, sababu hatukuwa nayo. Tulikwenda kwenye mahindi. Debe tatu zikigawiwa watu, kila mmoja akapewa robo debe, watapata watu 12. Mahindi hayakuongezeka hata punje. Kilichoongezeka ni idadi ya mafungu. Mama akatikisa kichwa kukubali, akasema hilo alikuwa akilifanya sokoni miaka yote.

Tangu jioni hiyo tulibadili njia. Tuliacha kuanzia pale tulipoishia, tukarudi hadi pale ambapo kuelewa kwetu kulikatika. Baadhi yetu tulirudi hadi sehemu na desimali za shule ya msingi, wala hatukuona haya. Kila kanuni ya Kiingereza tuliieleza upya kwa Kiswahili, mmoja akisimama na wengine wakiuliza maswali kama ya yule mama.

Hapo lugha yenyewe ilitusaidia kuliko tulivyotarajia. Mlinganyo ni jambo la kulingana: pande mbili zimekaa kwenye mizani, na ukiondoa kitu upande mmoja, sharti uondoe kiasi hicho hicho upande wa pili. Kipenyo ni mstari unaopenya duara kwa kupita katikati, na nusukipenyo ni nusu yake. Mtu asikiaye maneno hayo amekwisha kupewa nusu ya somo. Hata tanjenti, iliyokuwa ikitutisha, tuliikuta mashambani. Mbulu ni nchi ya miteremko, na mkulima hulima matuta ya kukinga mteremko ili maji yasichukue udongo wake. Shamba lishukalo mita 1 kwa kila mita 4 za usawa lina tanjenti ya 0.25, na mkulima ajuaye kwamba shamba hili ni kali kuliko lile ameulinganisha uwiano huo kwa macho.

Wengine watasema kwamba elimu hii ni ya kigeni. Sisi twasema kwamba hakuna taifa lililoimiliki peke yake. Wairaqw wa Tlawi huhesabu wak, tsar, tam, hadi mibaangw, yaani kumi, na juu ya kumi hujenga hesabu nyingine kama Waswahili wafanyavyo. Katika Kiswahili chenyewe, sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, nazo zinakaa pamoja na nane na kumi za Kibantu pasipo ugomvi. Neno aljebra latokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na maana ya asili ya neno al-jabr ni kuunga kilichovunjika. Hatujapata jina lifaalo zaidi kwa kazi tuliyoifanya jioni zile.

Utaratibu wa Musoma haupo tena, na Mbulu, iliyokuwa katika Mkoa wa Arusha, imo katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002. Lakini warejeao masomoni wangali wengi: wanaojiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, wanaosoma katika Chuo Kikuu Huria kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wafanyakazi watakao kujiendeleza. Katika mitihani ya kidato cha nne, hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo linaloangusha watahiniwa kuliko mengine.

Kwa hao tuna neno moja. Akili ya mtu mzima si jungu lililotoboka. Miaka ya kazi humpa mtu vipimo, bei, mizigo na mashamba, ambavyo mtoto hana, na juu ya hivyo hisabati husimama imara. Arudi nyuma hadi mahali anapoelewa, asome pamoja na wenzake, na asiikubali kanuni yoyote mpaka aweze kumweleza mama asiyewahi kuketi darasani. Akifanya hivyo, atakachokipata hakitamtoka hata akikaa nacho mbali miaka mingine mitatu.